Alfa ya Mzee Bakhit na Sanduku la Thabit

Mume wangu Thabit hakai kitako. Tangu tutoke Unguja mwaka wa sitini na nne, tukaja Matrah hapa Maskati, sanduku lake la bati lilikuwa nyuma ya mlango, nguo zimekunjwa ndani, tayari kwa safari ya kutafuta kazi Kuwait. Kila meli ikitia nanga roho yangu juu. "Mie sitaki kuwa mjane wa mtu aliye hai," nikamwambia. Akacheka, akatoka.

Kilichomshika ni gari. Mzee Bakhit, mfanyabiashara, aliomba ruhusa ya Sultani ya kuingiza gari mpaka akachoka, na alipopewa akaleta Alfa Romeo 1900 kutoka Mombasa. Lilibonyea mlango melini, na Matrah nzima hakuna aliyethubutu kuligusa ila Thabit. Yeye ufundi wa bodi alijifunza Mombasa, kwa Mtaliana aliyekuwa mateka wa vita akabaki kufungua gereji.

Ukimuuliza habari za gari lile, chakula kitapoa. Atakwambia kiwanda cha Alfa huko Milano kilivyopigwa mabomu, na baada ya vita wakaitoa hiyo aina ya 1900. Zile za fahari walitoa sehemu ya chini na injini tu, mafundi wa bodi wakazivisha: Pinin Farina wa Turin, Zagato, na Touring wa Milano. Hili letu ni la Touring. Hao walisuka kwanza mabomba membamba ya chuma, kisha wakalaza juu yake alumini iliyogongwa kwa mkono.

"Jepesi, Mahfoudha, hujapata kuona."

"Na wali mwepesi. Kula."

Mwaka wa sitini na saba baharia mmoja Mtaliana akamwambia Touring wamefunga. Siku ile hakula kabisa. "Waliokuwa wakijua kazi wamefunga mlango," akasema. "Na mie nnagonga nini hapa?" Akalifungua sanduku, akaongeza kanzu. Nilimchukia, nasema kweli, na sikumficha.

Likaja joto. Mzee Bakhit akalionea huruma gari lake kama tunavyouonea mtungi wa maji: akalifunika magunia, akayarowesha kila asubuhi kwa maji ya kisima, na kisima chenyewe cha chumvi. Alumini haishiki kutu, alisema, na hapo hakukosea. Lakini Thabit alipoibandua bodi, panapogusana chuma na alumini pameliwa, pamebaki unga mweupe, na sakafu ina matundu.

"Mwanangu, nilikuwa naliburudisha," alisema Mzee Bakhit, akakaa chini.

Thabit alirudi nyumbani, akalala. Kesho yake meli ya Kuwait ilikuwa bandarini.

Nimerudi kutoka sokoni, nyuma ya mlango hapana sanduku. Hata chumbani sikuingia. Nikavaa buibui upande, nikakimbilia bandarini, namlaani na kumwombea dua kwa mdomo mmoja. Nikipita banda la gari la Mzee Bakhit nikasikia nyundo.

Thabit yumo ndani. Sanduku kalikata, kalinyoosha, kalilaza kwenye sakafu ya Alfa, na maua yake ya rangi yangali yanaonekana.

"Matrah hapana bati," akasema, hakuinua macho.

"Na nguo?"

"Ziko kitandani. Zitafutie kabati."