Ndizi za Bwawa la Tatu

Kazi yangu ni maji machafu. Katika chuo kikuu ninachofanyia kazi, huku Biharamulo, maji yote ya bafuni, jikoni na vyooni hupita kwenye mabwawa matatu, yakatulia, yakachujwa na matete, kisha yakamwagilia migomba ya chuo. Mimi ndiye ninayeyapima na kusaini kwamba ni salama. Mwanafunzi akikunja pua mbele ya ndizi zetu bwaloni, namshushia somo mpaka ugali wake upoe.

Siri yangu ni kwamba mimi mwenyewe sikuwahi kula hata moja. Vipimo nilivisaini kwa moyo mweupe, lakini tumbo langu halikusaini.

Siri ya pili nilimficha baba, mkulima wa kijijini Mbuba. Nilimwambia nafanya kazi ya maji, sikumwambia maji gani. Mengine akajaza mwenyewe: kanisani na sokoni akasimulia kwamba binti yake ndiye anayenywesha chuo kizima. Alitembea kifua mbele, nami nikaona aibu kumsahihisha.

Mwaka huu migomba ilizaa kupita kiasi, wafanyakazi tukagawiwa mikungu mitatu kila mmoja. Yangu nikaipakia kwenye basi, nikampelekea baba, nikijiona mtoto mwema. Baada ya siku chache akapiga simu. Amezivundika zote, amezikamua, ametengeneza rubisi, na Jumapili majirani wanakuja kuinywa pombe ya ndizi za mwanawe. Na mimi niwepo.

Nilipofika, wazee walikuwa wameketi uani na mirija yao mkononi. Kwetu aliyeleta kinywaji huonja kwanza, ili wageni wajue hakina sumu. Nilimwaga shikamoo, nikaitikiwa marahaba, kisha baba akanikabidhi kibuyu.

"Onja, mwanangu, watu wana kiu."

Nilikichungulia kile kibuyu nikaliona bweni lote la wavulana. Nikasema tumbo linauma. Nikasema niko kwenye dozi. Jirani mmoja akaurudisha mrija wake mfukoni polepole.

"Mwenye kitu anakiogopa?" akauliza.

Uso wa baba ulinywea, na hapo niliumia kweli. Afadhali ningekunywa bwawa lenyewe. Nikafumba macho, nikavuta, nikameza. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu hadi nikakasirika, maana miaka yote ile nilikuwa najinyima bure!

Wazee wakashangilia, kibuyu kikaanza kuzunguka. Nikamvuta baba nyuma ya nyumba, nikamwambia yote huku machozi yananitoka.

"Nisamehe, baba. Yale maji ni ya vyooni."

"Kumbe!" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Ndiyo maana zilinona." Kisha akaupiga kofi mgomba mkubwa pale nyuma, ule uliotulisha utoto wetu wote, ambao ndizi zake nimeziombea baraka mezani mara zisizo na idadi. "Hapa palikuwa na choo cha babu yako. Tulipokifukia, tukaupanda huu."

Nikafuta machozi. Baba alikuwa ameshageuka kurudi uani, kifua mbele kuliko mwanzo.

"Jamani!" nikamsikia akitangaza. "Binti yangu anasimamia choo cha chuo kizima!"

Wakanipigia makofi. Kibuyu kikarudi kwangu, nikavuta tena, na safari hii sikufumba macho.