Maji Yaliyomfika Mama Shingoni

Baba yangu, Fintan Tuohy wa mji wa Nenagh, Ireland, hajawahi kumaliza rozari ya matanga ya mtu yeyote. Watu wamepiga magoti kuzunguka jeneza, yeye anaanza kujikuna, anatupia jicho mlangoni, kisha ananinong'oneza, "Dervla, nani alizima swichi ya maji ya moto?" Kabla sijajibu, ameshanyakua kofia anakimbilia nyumbani.

Maji yenyewe yalikuwa kwenye tangi la shaba, kabatini juu ya ngazi, tunamoanikia mashuka. Tangi lilikuwa na swichi mbili: moja imeandikwa Sinki, nyingine Bafu. Ya Sinki hupasha maji ya kuoshea vyombo tu. Ya Bafu hupasha tangi zima, na kwetu kuigusa ilikuwa haramu, utadhani umeme ungekwisha Ireland nzima. Sijui ni ubahili au ni hofu. Hata mimi ameniambukiza. Siwezi kukaa sinema mpaka mwisho.

Mwaka huu nyonga ya mama, Attracta, ikaharibika. Daktari akamwambia ajiloweke kwenye maji ya moto kila jioni. Baba akakubali, lakini mama akishaingia tu bafuni, huyo anapanda ngazi, tap! amezima. Mama anatoka anatetemeka, maji ya moto hayakumpita mapajani. Nilitamani kumtukana baba, Mungu anisamehe.

Wiki ya Pasaka tangi likatoboka, dari ya jikoni ikaanza kuvuja. Fundi Eunan akaja, akanywa chai yetu, akatupa njia mbili: tangi jipya la aina ile ile, au boila ya gesi ya ukutani, isiyo na tangi, inayopasha maji pale unapofungua bomba.

"Swichi yake iko wapi?" baba akauliza.

"Huna haja nayo, mzee. Ukifunga bomba, imelala."

"Nitajuaje imelala?"

"Si umefunga bomba?"

"Na mtu akisahau kufunga bomba?"

"Huyo ana shida kubwa kuliko boila."

Baba hakucheka. Alizunguka meza, akafungua kabati la vikombe, akalifunga, akaenda dirishani, akarudi.

"Tuwekee tangi," akasema. "Tangi tunalijua tabia zake."

Mama akaweka kikombe chini. "Fintan, tangu unioe sijaoga maji yakanifika shingoni. Mara ya mwisho nilioga kwa mama yangu, usiku wa kuamkia harusi."

Eunan akajifanya anachunguza dari. Uso wa baba ukaiva kwa aibu, nikamwonea huruma kwa mara ya kwanza mwaka huu.

"Weka hiyo ya ukutani," akasema.

Jioni boila ilipowashwa, maji yalimiminika mpaka nikaogopa mimi. Baba akapanda ngazi, akashuka, akapanda tena, mikono haina pa kukaa.

"Attracta, yameshapoa?"

"Bado moto."

Akashuka. Akapanda. Ndipo tukamsikia mama analia humo bafuni. Baba akauvamia mlango.

"Nyonga inauma? Niite daktari?"

"Haiumi, Fintan. Ndiyo maana nalia."

Baba akakaa chini pale pale, sakafuni, mgongo ameuegemeza mlangoni.