Ubishi wa Mapiramidi Wodini

Mke wa fundi mwashi alikaa ukingoni mwa kitanda cha wodi, roho juu juu. Ngiri ya mumewe ilikuwa ikatwe leo. Mara mbili walisharudishwa nyumbani kwa ajili ya presha, na safari hii nesi alimwambia bila kuficha: "Mama, ikipanda tena daktari hamgusi. Na ngiri ikijibana, tusije tukalaumiana."

Na mume mwenyewe, badala ya kutulia, anabishana na dereva wa lori wa kitanda cha pili juu ya mapiramidi ya Misri!

"Yale yalijengwa na majitu," dereva alisema. "Jiwe zito kuliko lori langu, nani abebe?"

"Nani kakwambia walibeba? Waliburuta! Unajaza tuta la udongo, unalilowesha, jiwe linateleza."

"Mpaka kileleni? Tuta hilo si lingekuwa mlima?"

"Unalizungusha, kama ngazi za ghorofa. Wewe shika usukani wako, mawe niachie mimi."

"Wewe jiwe moja tu la msingi limekutoa ngiri, halafu unawasemea wenzio!"

Wodi nzima ikaangua kicheko, ila mkewe. Yeye alikuwa akiutazama mshipa wa shingo ya mumewe. "Basi jamani. Shemeji, nakuomba, mwache mwenzio apumzike."

Dereva akaona haya, akageukia ukutani.

Mume akaukodolea macho mlango wa chumba cha upasuaji. Akaanza kukunja shuka, kulikunjua, kulikunja tena.

"Mama watoto, nisipoamka..." Mkewe alipomshika mkono, ulikuwa baridi kama sakafu.

Maskini mama wa watu, kumbe ubishi ndio uliokuwa umemshikilia mumewe! Na nesi huyo anakuja na kipimo cha presha.

"Lakini shemeji kasema kweli," mkewe akaropoka. "Ni majitu yale."

"Hata wewe? Umri wote umelishwa kwa mawe, leo waniletea majitu? Hebu tazama." Akachora tuta kwa kidole juu ya shuka. "Hapa kamba, hapa watu, huyu anamwaga maji..."

"Tulia, mzee," nesi alisema.

"Nimetulia, binti yangu. Namfundisha huyu."

Sauti yake ilikuwa imeshuka, ikawa ile ya kazini. Nesi akasoma kipimo, akarudia kukisoma. "Iko sawa. Haya, twende."

Kitanda kikasukumwa. "Sasa lile jiwe la mwisho, la kileleni," bado anaeleza, "hilo walilipandisha..."

Mlango ukafungwa. Mkewe akabaki amesimama, viatu vya mumewe mkononi.

"Shemeji," dereva alisema polepole, "hilo la mwisho, mimi nadhani..."

"Usiniambie," akamkatiza. "Ataniambia mwenyewe akitoka."