Taa ya Gatini

Shangazi yangu hakuwahi kukalia kitu bila kukitikisa kwanza. Kiti cha ugenini, benchi la zahanati, hata kochi lake mwenyewe: alishika ukingo, akasukuma kidogo huku na huku, ndipo akajishusha polepole, katikati. Watu wakimcheka alisema, "Chekeni tu. Anayekaa kwa pupa huogelea na nguo."

Alikuwa fundi cherehani. Wiki nzima aliinamia sare za shule na mapindo ya suruali, na Ijumaa jioni alifunika mashine, akachukua mishipi yake na kwenda ziwani. Mwenzake mtumbwini alikuwa jirani yetu, fundi viatu, tuliyemwita Bubu kwa sababu hakujua kunyamaza. Shangazi alisema anapenda kuvua usiku kwa kuwa usiku hauna wateja. Siku nyingine aliniambia utamu wenyewe: huoni kitu, umeshika uzi tu kidoleni, na unajua huko chini kuna anayekufikiria.

Lakini na maji hakuwa na mzaha. Jaketi la kuelea alilifunga nyumbani, mbele ya kioo, kama anayejaribu koti la mteja. Filimbi ilining'inia shingoni. Aliniambia watavua wapi na watarudi saa ngapi. Mwisho alitundika taa ya chemli kwenye msumari wa nguzo ya gati. Taa hiyo ndiyo iliyowarudisha. Kushoto kwa gati kulikuwa na miamba iliyojificha chini ya maji, na gizani hapakuwa na alama nyingine.

"Kazi yako ni moja," aliniambia likizo moja nilipokuwa chuoni. "Ukae na taa."

"Nikishikwa na usingizi?"

"Lala. Taa ndiyo isilale."

Walisema watarudi saa tano. Saa tano ikapita, na upepo ukaanza kuyapiga maji chini ya mbao. Nilijiambia samaki ni wengi. Saa sita ilipokaribia sikuweza tena kujiambia lolote. Niliitoa taa msumarini nikaenda nayo kando ya maji, nikiita, nikiinyanyua juu kila hatua chache. Nilidhani ninamtafuta.

Ndipo niliposikia filimbi. Mara tatu, fupi fupi, kutoka upande wa miamba.

Niliangalia taa mkononi, kisha nikaangalia nyuma. Gati lilikuwa mbali, halionekani. Hawakuwa wamepotea. Walikuwa wananifuata.

Nilirudi mbio, nimeikinga taa kifuani isizimike. Kishikio kilikosa msumari mara mbili. Nilipoitundika nilikaa chini, nikakumbatia magoti. Kila kitu mwilini kilitaka kunyanyuka. Sikunyanyuka.

Baada ya muda mrefu ilitangulia kufika sauti ya Bubu.

"...ndipo nikakuambia, dada, tangu lini gati likaota miguu? Acha kasia, tia nanga."

"Ulisema mambo mia leo," shangazi alimjibu. "Moja lilikuwa la maana."

Ubavuni mwa mtumbwi kulikuwa na mkwaruzo mweupe, mrefu kama mkono wangu. Shangazi alinikabidhi ndoo, samaki bado wanapiga mikia, akanitazama usoni.

"Umetutembeza," alisema. "Wiki ijayo tutakuja moja kwa moja."

"Wiki ijayo bado utaniachia mimi?"

"Nimwachie nani, Bubu? Ataizungumzisha mpaka izime."

Akaniachia, Ijumaa iliyofuata na zote za likizo.

Mwaka jana alilazwa. Kitanda cha hospitali alikitikisa kwanza, muuguzi akabaki kumtazama. Jioni ya siku ya tatu tulikuwa tunamsubiri daktari aje na majibu, naye hakuja. Nikawa natoka dirishani kwenda mlangoni, mlangoni kurudi dirishani. Nilidhani shangazi amelala. Alifumbua jicho moja.

"Mwanangu, kaa basi," alisema. "Unatembeza taa."