Bulo ya Shemeji Salumu

Nikisema nina aibu, watu wa kwetu wanacheka, wanasema hiyo nilizaliwa nayo, ile ya kujificha nyuma ya mlango wageni wakifika. Lakini hii ninayoandika leo ni aibu nyingine, hii niliitafuta kwa mikono yangu miwili (na koleo ya papa, baba yangu), na naiandika katikati ya kaye (daftari) ya jeografia sababu mama anafunguaga kaye zote kuangalia pointi zangu, isipokuwa hiyo, ya jeografia ameshakata tamaa.

Mambo yalianza na vijiko. Yaya wangu Mariamu, dada yangu mkubwa, alikuwa anaposwa na Salumu, kijana wa Wamaza, kazi yake kusukuma kinga kutoka huko mpaka hapa Kasongo (kinga ndiyo baiskeli, kwa ninyi msiotoka kwetu), bidoni za mafuta ya mawese zimefungwa kila upande mpaka kinga yenyewe haionekani, na kila alipopita kutusalimia mpira ulikuwa umetoboka. Chombo cha kutolea tairi hakuwa nacho, basi aliomba vijiko kwa mama, na mama alitoa, sababu mkwe hanyimwi. Vijiko vilirudi vimepinda. Tulikula navyo hivyo hivyo miezi mingi, unapeleka wali mdomoni unafika shavuni.

Sasa nyumbani kwetu siku ya mahari kila mdogo wa bibi harusi anampa shemeji kitu, mbele ya watu. Kaka zangu wawili walichanga shati. Mimi nikasema moyoni: shati halizibi tundu, nitampa vyombo vya kutengenezea kinga. Nilikuwa nimeuza karanga likizo nzima kwa ajili hiyo, na nilijiona mwenye akili kuliko ukoo mzima. (Hayo maneno, mwenye akili, yashikeni vizuri.)

Siku mbili kabla nilikwenda sokoni kwa Papa Bilali, muuza vipande vya kinga, na nilipofika pale nikasahau vyombo vyote, macho yakaenda kwenye kengele, inang'aa, ina ua lililochorwa juu.

"Kengele?" akasema Papa Bilali. "Mutu anatoka Wamaza na bidoni ine, unamupa kengele amupigie nani? Nyani?"

Akanichagulia yeye. Pompi ya chuma ya kujazia upepo, ya plastiki inapasuka mbele ya mto na fundi yuko nyuma ya mlima. Vyuma viwili vya kutolea tairi, vijiko vya mama vipumzike. Vipande vya mpira vya kuzibia matundu, na gundi yake. Na kle, yaani spana, ya kukazia bulo za gurudumu la nyuma, vile vichuma viwili vyenye pembe sita, kimoja kushoto kimoja kulia, vinavyolishika gurudumu lisitoke.

"Kle ya kipimo gani?" akauliza.

"Ya kinga."

"Mutoto, kila fundi wa njiani anaweka bulo aliyo nayo. Niletee bulo yenyewe, nitakupa kle yake."

Ndivyo wanavyofanya wateja wake wote, kila mtu anakuja na kipande chake mkononi. Mtu mwingine angekwenda kumwuliza Salumu mwenyewe, lakini mimi nilikuwa sijawahi kumwambia hata "karibu" kwa sauti ya kusikika. Nikaona kuiba ni rahisi kuliko kuuliza.

Wakwe walifika siku moja kabla ya mahari, wakalala kwa jirani wetu, nyuma ya soko. Asubuhi ya mahari wanaume walikwenda kuoga, kinga ya Salumu ikabaki imeegemea ukuta, bila mzigo. Nikapita kama mtu anayetafuta kuku. Bulo moja haikuisumbua koleo ya papa hata kidogo, maskini Salumu alikuwa ameikaza kwa vidole na dua. Nikahesabu: kwenda sokoni, kupima kle na kurudi ni nusu saa, nitairudisha kabla hawajakausha miguu, na tena nani atapanda kinga kwenda kwenye mahari hapo ng'ambo ya soko?

Kwa Papa Bilali kulikuwa na watu. Nikangoja. Zamu yangu ilipofika akajaribu kle moja, ikacheza, ya pili haikuingia, ya tatu ikashika kama mkono na mkono. Nikasema asante, nipe niende. Akasema ngoja, zawadi ni zawadi, akachukua ile bulo ya watu yenye kutu, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaipiga msasa, akaifuta mpaka ikang'aa kama pete. Vyombo akavifunga kwa karatasi ya maua. Bulo nikaishika ndani ya kiganja.

Nje nikasikia vigelegele.

Lazima niwaambie kuhusu Shangazi Feza, dada mkubwa wa baba ya Salumu. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara, bila neno lake hakuna mahari, na alikuwa ametembea kutoka Wamaza kwa miguu yake mpaka ikavimba. Kwa heshima, Salumu, ndani ya suti ya kuazima, alikuwa amemketisha nyuma ya kinga, bidoni moja ya mafuta imefungwa ubavuni na kuku wawili mapajani mwa shangazi, anamwendesha polepole mpaka mlangoni kwetu, wanawake wanaimba nyuma.

Nikasema "Hapana!" Ile hapana yangu haikuvuka meno.

Mbele ya soko pana bonde dogo la maji ya mvua. Kinga iliingia salama. Kutoka ndiyo ilikataa: gurudumu la nyuma likalala upande, sheni, ule mnyororo, ikatoka, kinga ikaketi kama mbuzi asiyetaka kuvuka mto, na Shangazi Feza naye akaketi, kwenye tope, na kitenge kipya. Bidoni ilipasuka. Kuku walikwenda kila mmoja njia yake. Vigelegele vikakatika katikati.

"Bulo!" Salumu akapiga kelele. "Bulo imetoka! Muitafute!"

Basi soko zima likainama. Wamama wa samaki, vijana wa mototaksi na pikipiki zao, wanafunzi, wote wanapapasa tope. Na mimi? Nilikuwa na bulo mkononi, na mimi pia nikainama. Nilitafuta kwa bidii. Nilimwambia hata mama mmoja, "Labda upande ule."

Shangazi Feza hakutafuta. Alisimama polepole, tope linamtoka.

"Njia imekatala," akasema. "Gurudumu haitokaga bure karibu na mulango ya bibi harusi. Fungeni vitu, turudi Wamaza."

"Shangazi, nakuomba," Salumu akasema, sauti imepasuka kama bidoni yake.

"Nimesema turudi."

Nikamwona yaya Mariamu kichwani mwangu, amevaa tangu alfajiri, miaka miwili anamngoja huyu mtu. Hapo nikapata akili ya pili (mngedhani ya kwanza ingenitosha): nikaiachia bulo kwenye tope, taratibu, nikasema kwa sauti ndogo, "Ile pale."

Kijana mmoja wa mototaksi akaiokota, akaipangusa kwa shati. Iling'aa. Watu wakasogea kuitazama. Kinga yenyewe ilikuwa na kutu toka usukani mpaka tairi, bulo inawaka kama dhahabu.

"Hii haikukuwa hapa," akasema mama wa samaki. "Nimepapasa hapa mara tatu."

"Bulo ya Salumu ilikuwa nyeusi," mjomba wake akasema, akarudi nyuma hatua moja.

"Mumeona?" Shangazi Feza akasema kwa utulivu, na utulivu ule ndio ulionitisha. "Hapa kuna mukono ya mutu. Mubaya."

"Ni mimi," nikasema.

"Anasema nini?"

"Anasema ni yeye."

"Ni yeye nini?"

"NI MIMI NILITOA BULO!"

Sauti yote niliyoweka akiba miaka kumi na sita ilitoka siku ile, mara moja. Nikapasua karatasi ya maua mbele ya watu, pompi ikadondoka, nikainua kle juu kama mtu anayeapishwa, nikaeleza: vijiko, zawadi, kipimo, Papa Bilali (ambaye alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake na sasa akarudi ndani).

Shangazi Feza alinitazama sana.

"Weye ni nani kwa bibi harusi?"

"Mudogo wake."

"Wa kumufwata?"

"Ndiyo, shangazi."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akamshika Salumu bega asianguke mara ya pili. "Kumbe ni utani! Salumu, shemeji yako amekufungia njia! Kwetu mudogo wa bibi harusi asipoficha kitu cha bwana harusi, ndoa inasinzia. Toka jana niko najiuliza, hawa watu wa muji hawajui kucheza? Hata kiatu kimoja hakikupotea!"

"Shangazi, haikuwa utani, nilikuwa napima..."

"Nyamaza, usiharibu. Mwenye kufungua, afunge."

Basi nikapiga magoti kwenye tope, na gauni la sherehe, nikakaza bulo, vijana wa mototaksi wamenizunguka: "Kaza, mama! Aa, huko unafungua! Muacheni, fundi anafikiri!" Kle ilishika vizuri kabisa. Siku nzima ile, hicho ndicho kitu pekee kilichokaa mahali pake.

Tulipofika nyumbani habari ilikuwa imetutangulia. Papa alikuwa anatafuta koleo yake. Mahari ilipokelewa, yaya Mariamu alilia na kucheka, nami nikarudi nyuma ya mlango wangu.

Lakini utani unalipwa. Safari yake iliyofuata Salumu aliniletea kitu ndani ya gazeti. Ilikuwa kengele, ile ile ya ua.

"Fungia kwenye shingo, shemeji," akasema. "Tusikie ukikaribia kinga."

Sasa mtaani naitwa Bulo. Familia mbili zimeshamwomba mama anikopeshe kwa mahari ya watoto wao, niwachangamshie wakwe, mimi ambaye siwezi kununua chumvi bila kusindikizwa. Salumu akifika kwetu, kabla ya hodi, anagusa bulo ya kushoto, anagusa ya kulia, ndipo anasalimia. Mpira ukitoboka anautoa kwa vyuma vyake, lakini vijiko vya mama bado vimepinda.

Nimejiapiza: dada mwingine akiposwa, hata kama bwana wake analala juu ya kinga, nitachanga na kaka zangu. Shati halizibi tundu, najua. Lakini shati halina bulo.