Tivi ya Rangi ya Mzee Chege

Naona aibu kuusimulia mkasa huu, lakini afadhali mwusikie kutoka kwangu kuliko kwa jamaa zangu wa Rongai, ambao tayari wameutia chumvi na pilipili.

Tulikuwa tumepanda Kuresoi kumposea mwanangu Njoroge, nami (mwalimu mstaafu wa fizikia, nisiyeamini neno mpaka nione ushahidi) niliagizwa na mke wangu jambo moja tu: ninyamaze. Ningetii, lau baba wa msichana, Mzee Chege, asingejigamba kwamba marehemu baba yake ndiye aliyeleta tivi ya kwanza ya rangi mlimani kule, enzi ambazo matangazo yote nchini yalikuwa meusi na meupe.

"Huo ni uvumi," nikasema.

Kikao kikapoa. "Mwalimu," akauliza Mzee Chege taratibu, "umekuja kuomba msichana ama kuniita mwongo kwangu?"

Njoroge alinitazama kama mtu anayeiona harusi yake ikichukuliwa na mafuriko.

Basi tivi ikaletwa, ya miguu minne na milango ya mbao, ikawashwa, na kwa kuwa mitambo ya zamani ilizimwa kitambo, hapakuwa na picha ila chenga. Lakini chenga zenyewe zilikuwa za buluu juu, hudhurungi katikati na kijani chini! Nikacheka (hapo ndipo nilipojimaliza), maana niliitambua hila: karatasi ya plastiki ya rangi tatu, waliyouziwa wazee wetu waibandike kwenye kioo ili mbingu ziwe buluu na nyasi kijani. "Ushahidi huu hapa!" nikatangaza, nikaibandua, nayo, kwa umeme tuli uleule niliofundisha maisha yangu yote, ikaruka ikaninasa usoni kuanzia kipara hadi kidevu, na kila nilipoivuta upande huu iling'ang'ania ule.

"Woi! Mzee ameingia kwa tivi!" akapaza sauti shangazi wa msichana, na akina mama wakapiga vigelegele.

Mzee Chege akanisogelea, buluu kichwani, kijani kiunoni. Hakucheka. "Mwalimu, kabla tuendelee na hii maneno: unaona rangi ama huoni?"

Nikamtazama Njoroge, maskini, akiwa hudhurungi kabisa.

"Naona, mzee. Naona rangi."

"Mmesikia wote?" Hapo akaangua kicheko. "Basi huyu ni mkwe. Msichana aitwe!"

Harusi ni Desemba. Nami nimeapa: nikienda ukweni tena, fizikia itabaki garini.