Siki ya Mangapwani

Katika miaka ya hamsini shangazi yangu, mjane aliyemaliza eda zamani, aliposwa na mtu wa Mangapwani. Baba, ambaye alikuwa kaka yake mkubwa na ndiye walii wake wa kumuozesha, hakukubali wala hakukataa. Posa ilikaa nyumbani kwetu kama mgeni aliyesimama mlangoni, hajaambiwa karibu wala hajaambiwa rudi.

Kilichomzuia Baba ni kazi ya yule bwana. Alikuwa mgema. Alikwea minazi, akakata karara na kukinga maji yake kwa kibuyu, na maji hayo ndiyo tembo. Asubuhi huwa tamu, hata mtoto hunywa. Likikaa mpaka jioni huwa kali, na mwenye kulinywa hulewa. Bwana huyu alisema hauzi la kulewesha. La kwake huliacha mitungini mpaka ligeuke siki, na siki hiyo ilifika hadi maduka ya Mlandege, mjini. Lakini Baba alikuwa maalim wa chuo cha Kurani, watu wakimwendea kwa mambo ya dini, na hakutaka kumuozesha dada yake kwa maneno ya kusikia.

"Nitakwenda nikaone," alisema.

"Utakwenda lini, kaka?" Shangazi akamuuliza. "Minazi yenyewe itazeeka."

Magari ya shamba yalikuwepo, lakini Baba alichagua boti ya mashine iliyokuwa ikipeleka unga na mafuta ya taa vijiji vya kaskazini na kurudi na nazi. Boti hiyo ilisimama popote ilipopungiwa kitambaa. Mimi nilikuwa nimeolewa karibuni, na mume wangu aliniruhusu nifuatane na Shangazi. Tulipanda bandari ya Malindi, pale pale mjini kwetu, asubuhi, jua limeshatoka. Nahodha alimtandikia Baba gunia juu ya mifuko ya unga.

"Shikamoo, Maalim. Chombo hiki hakina haraka."

"Marahaba. Hata mimi sina."

"Mimi ninayo," alisema Shangazi ndani ya buibui lake, na nahodha akajifanya anatazama mashine.

Nimesafiri mara nyingi baada ya hapo, hata kuhiji, Alhamdulillahi, lakini sijapata tena safari ya polepole kama ile. Tulikwenda karibu na ufuko, ukaribu wa kuweza kusikia majogoo. Nyumba za mawe za mjini zilipotuishia tulifika Maruhubi, na nguzo za lile kasri lililoungua zilikuwa zimesimama hazina cha kubeba, majani yameota juu yake. Mbele yake yalikuwa magofu ya Mtoni. Baba alisoma Fatiha, kisha akasema waliokuwa na mapazia ya hariri mle ndani sasa hata makaburi yao hayajulikani yote.

"Na sisi ndio tunaelekea huko," Shangazi akasema. "Tukisimama kijiji kimoja zaidi, kaka, utanikuta mimi ni gofu."

Baba alicheka kwa pua. Bububu tulisimama kwa muda mrefu, nahodha akijaza maji matamu kwenye pipa na kupiga soga na kila aliyepita. Baada ya hapo minazi ilishuka mpaka mchangani, na nyuma yake, kwenye vilima, ilionekana mikarafuu. Upepo ulipotoka nchi kavu ulileta harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini. Shangazi alikaa akiitazama minazi. Nilijua anatafuta yenye vidato vilivyochongwa kwenye shina, ile inayopandwa na mgema.

Mwenyeji wetu, yule mgema, alitupokea ufukweni Mangapwani. Alikuwa mrefu, mkavu, nyayo zake ngumu kama kwato kwa kukwea. Alimwamkia Baba, na sisi akatuamkia bila ya kutuinulia macho. Alimpitisha Baba penye mitungi, iliyopangwa ukutani chini ya makuti, kila mmoja umefunikwa kitambaa. Baba alifunua, akanusa, akafunika.

Baada ya sala ya Adhuhuri tukaandaliwa chakula. Wanaume walikula barazani, na sisi ndani na mama wa mwenyeji, pazia likiwa baina yetu. Kulikuwa na wali wa nazi, samaki wa kukaanga, na kachumbari iliyonukia siki na pilipili. Nyumbani Baba hakuwa akila wali bila ya kitu kikali. Mkono wangu ulikuwa umeshaelekea kwenye kachumbari niliposikia sauti yake.

"Siki hii nzuri. Imetiwa nini?"

"Pilipili, Maalim, na karafuu kidogo. Kwa ajili yenu. Mitungi mingine siitii kitu, naiacha igeuke yenyewe. Niliposikia mnakuja nikasema mmoja niutengeneze uwe na harufu nzuri."

"Ulitia imeshakuwa siki, au lilikuwa bado tembo kali?"

Shangazi aliushika mkono wangu. Sote tuliolelewa chuoni tuliijua masala hiyo. Tembo likigeuka siki lenyewe, bila ya kutiwa kitu, hutoharika pamoja na chombo chake. Likitiwa kitu kabla halijageuka, basi hata likichachuka namna gani, ni najisi vilevile. Na jibu lilikuwa kwa yule bwana peke yake. Hakuna aliyekuwepo alipofunua mtungi. Angesema "imeshakuwa siki," tungekula.

"Lilikuwa bado, Maalim. Sikujua kama kuna tofauti."

Mama yake akasema taratibu, "Ewe mwanangu." Shangazi aliuachia mkono wangu.

Kachumbari iliondolewa kwetu na kwao. Mwenyeji alitoka uani, nikamuona kwa dirishani akiumwaga mtungi wote mbali na nyumba, kisha akaosha mikono na mabakuli kwa maji mengi. Alirudi na ndimu alizochuma mtini. Baba akakamulia wali wake ndimu, akala akashiba, akaomba dua ya mwenye chakula. Kuhusu posa hakusema neno, na yule bwana hakuuliza. Alitusindikiza mpaka botini, akatupakilia madafu.

Kurudi kulikuwa kwa taabu zaidi kwa Shangazi kuliko kwenda. Baba alikaa juu ya nazi na tasbihi yake. Boti ilisimama, ikapakia, ikaondoka, ikasimama. Chuini ilipita, hajasema. Bububu tuliteremka tukasali Alasiri, tukapanda tena, na bado hajasema.

"Kanizika," Shangazi alininong'oneza. "Kwa pilipili, mwanangu. Pilipili zimenizika."

Tulipoyaona tena magofu ya Mtoni subira ilimwishia. Alijivuta mpaka karibu na Baba.

"Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha. Mwari akiulizwa, kimya chake ndiyo ridhaa yake. Mjane lazima atamke. Mimi mjane, nshatamka. Sasa wewe mbona umenyamaza tangu Mangapwani? Umekuwa mwari?"

Nahodha aligeuza uso baharini, mabega yakimtikisika. Baba aliinamisha kichwa, na nilipoona ndevu zake zinacheza nikajua anacheka.

"Nilikuwa naangalia kama utaweza kusubiri," alisema. "Huwezi. Basi nami natamka. Nimekubali."

"Na pilipili?"

"Masala anaweza kufundishwa. Lile jibu alilonipa halifundishwi." Akazungusha punje moja ya tasbihi. "Lakini mwambie, siku ya kuja kuoa aniletee mtungi mmoja. Asiutie kitu."

Aliuleta, ameubeba begani mwenyewe kutoka bandarini, na Baba aliufungua mbele ya mashahidi kabla ya khutba ya nikaha, akaonja kwa kidole. Shangazi aliishi Mangapwani mpaka alipofariki, Mungu amrehemu. Kila boti ile ilipokuja mjini ilikuwa na chupa ya siki ya Baba, na kando yake, katika kikaratasi, pilipili peke yake.